Kidole cha mteja kisifike kwenye lehemu: namna ya kufunga bodi na kitufe ndani ya kasha la taa ya chaji

Leo hatuongelei bei wala namna ya kupiga picha za bidhaa. Leo tunafungua kasha tuangalie ndani. Humu wapo wengi wanaouza mtandaoni taa za chaji, pawabenki na spika ndogo zilizoundwa na mafundi wa hapa hapa nyumbani, na wengine wanaunda wenyewe. Swali linalojirudia ni lile lile: "Nimetuma kitu kinawaka vizuri, kimefika kwa mteja hakiwaki. Kwanini?"

Mimi nina duka dogo hapa Kahe, Wilaya ya Moshi. Niliishia kidato cha nne, umeme sikusomea popote, nimejifunza kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Nauza taa za chaji ninazounda mwenyewe, na watu wananiletea za kwao zilizokufa nizitengeneze. Wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga wanaoshika zamu ya maji usiku, bodaboda, na akina mama wanaochoma chipsi jioni. Hao hawashiki taa kwa upole. Wanaitupa kwenye ndoo, wanaibonyeza na mikono ya tope, wanaichaji kwa waya unaoning'inia.

Na kwenye meza yangu nimeona hivi: taa nyingi zinazokuja zimekufa, betri yake ni nzima. Bodi ni nzima. Taa yenyewe nzima. Kilichokufa ni mahali bodi na kitufe vilipofungwa. Kitufe kimezama ndani, tundu la chaji limeng'oka, au waya umekatika pale ulipolehemiwa. Yaani ubovu wa shilingi mia mbili unaua bidhaa ya elfu ishirini na tano.

Tupige hesabu kidogo ndo tuendelee. Tuseme taa unaiuza 25,000, vifaa vimekula 15,000, faida yako ni 10,000. Kutuma mzigo kwa basi tuseme ni 5,000. Mteja akiirudisha kwa gharama yako, ukaitengeneza na kumtumia tena, ile 10,000 imeisha yote. Bado hujahesabu muda wako, na bado mteja ameshawaambia wenzake kwamba "vitu vya mangi yule havidumu". Kwa hiyo kufunga bodi vizuri sio mapambo. Ni faida yako ipo pale.

KANUNI NI MOJA

Hata ukisahau mengine yote ya leo, shika hili: nguvu ya mkono wa mteja iishie kwenye kasha, isifike kwenye lehemu.

Mteja anafanya mambo matatu kwa bidhaa yako kila siku. Anabonyeza, anachomeka waya wa chaji, na anaiangusha. Yote matatu ni nguvu, na nguvu lazima iende mahali. Ikienda kwenye ukuta wa kasha, hakuna shida, kasha ni gumu. Ikienda kwenye lehemu, pana shida, maana lehemu kazi yake ni kupitisha umeme, sio kubeba uzito. Risasi ya kulehemu ni laini, ukiitikisa tikisa inapata ufa usioonekana kwa macho. Na ile shaba iliyobandikwa juu ya bodi kwa kawaida ina unene wa milimita 0.035 tu. Ukivuta waya uliolehemiwa pale, shaba inabanduka na bodi yako inakuwa kumbukumbu.

Kwa hiyo kila unapoweka kitu ndani ya kasha jiulize: akikibonyeza, akikivuta, akikiangusha, ni nini kinabeba? Jibu likiwa "gundi" au "lehemu", bado hujamaliza kazi.

VITU VILIVYOMO NDANI

Tusiende mbali na kile ambacho wengi wetu tunakitumia. Kuna betri ya lithiamu aina ya 18650. Hilo jina ni vipimo vyake: upana milimita 18, urefu milimita 65, na sifuri ya mwisho inamaanisha ni ya mviringo. Ikijaa ina volti 4.2, kawaida yake inahesabiwa volti 3.7.

Kuna bodi ya chaji, nyingi zinatumia chipu ya TP4056. Ile yenye matundu manne ya kulehemu yaliyoandikwa B+, B-, OUT+ na OUT- ndiyo yenye kinga ndani yake, inayokata betri isichajiwe kupita kiasi wala isiishe kabisa. Ile yenye B+ na B- peke yake haina kinga, usiifunge kwenye bidhaa unayoiuza kama betri yenyewe haina kinga yake.

Halafu kuna kitufe au swichi, na kuna taa yenyewe. Basi. Ni vitu vinne, na kazi ya leo ni viwili vya katikati: bodi na kitufe.

KASHA KWANZA

Makasha ninayoyaona mtaani ni ya aina nne.

Bomba la PVC la maji: imara, rahisi kupatikana, lakini ukuta wake ni wa mviringo, kwa hiyo kitufe chenye uso bapa hakikai vizuri. Ukilitumia, chukua tupa na msasa utengeneze sehemu bapa kabla ya kutoboa.

Boksi la plastiki la kufungia swichi za ukutani: ukuta bapa, nafasi ya kutosha, skurubu zake zipo tayari. Kwa anayeanza nashauri hili.

Mbao au plaiwudi: inapendeza kwenye picha na inauzika, ila ukuta wake mnene unaleta shida ya tundu la chaji, nitaieleza chini.

Chuma au aluminiamu: ngumu kuliko zote, lakini inataka akili. Mwili wote wa betri ya 18650, ukitoa kile kichwa cha juu, ni hasi. Ule mpira mwembamba wa rangi uliovalishwa ndio unaouzuia kugusana na vitu. Ukichanika, halafu waya wa chanya nao ukagusa kasha la chuma, umepata shoti, na shoti ya lithiamu ni moto. Kasha la chuma livalishwe plastiki ngumu ndani kabla ya kitu chochote kuingia.

PIMA KWENYE KARATASI KABLA YA KUTOBOA

Kata karatasi ngumu ukubwa wa ukuta wa kasha. Chora mahali pa kitufe, mahali pa tundu la chaji na mahali pa skurubu. Weka vitu vyote juu ya karatasi uone kama kuna kinachogongana. Watu wengi wanapima upana wa kitufe wanasahau mgongo wake. Kitufe kinaweza kuwa na uso mdogo tu nje, lakini ndani kina mkia mrefu na waya zinazotaka kujikunja. Pima mpaka mwisho wa waya.

Kisha bandika karatasi kwenye kasha kwa selotepu, chonga alama ya katikati kwa msumari, toboa na drili ndogo kwanza, halafu panua taratibu. Ukianza na drili kubwa moja kwa moja plastiki inapasuka, au tundu linahama pembeni.

Na ni bora tundu liwe dogo ukalipanua kwa tupa kuliko liwe kubwa. Tundu kubwa halirudi.

KUFUNGA BODI YA CHAJI

Hapa ndo penye vita. Bodi ndogo za TP4056 nyingi hazina matundu ya skurubu. Kwa hiyo fundi anafanyaje? Anamwaga gundi ya moto, ile ya bunduki, anafunika bodi yote, anafunga kasha. Siku hiyo inakaa. Ikipigwa jua ndani ya kabati la basi, au ikichaji mchana chini ya bati, inalegea. Gundi nyingi za aina hiyo zinaanza kulainika kati ya nyuzi 60 na 80, na bodi yenyewe ina joto lake.

Joto hilo linatoka wapi? TP4056 inapunguza volti kwa kuzigeuza joto. Chaji inaleta volti 5, betri ina volti 3.7, tofauti ni 1.3. Mkondo ukiwa ampia 1, hiyo ni wati 1.3 inayopikwa ndani ya kichipu kidogo kuliko ukucha. Betri ikiwa imeisha, iko kwenye volti 3, inakuwa wati 2. Ukiifunika kwa gundi umeivalisha blanketi.

Njia ninayoitumia mimi ni ya kutoshea kwenye mfereji. Bodi nyingi zina unene wa milimita 1.6. Kata vipande viwili vya plaiwudi au plastiki ngumu, chonga kila kimoja mfereji wa kama milimita 1.8 kwa msumeno mdogo, vifunge kwa skurubu kwenye sakafu ya kasha, bodi iteleze katikati yao kama droo. Bodi haiendi kulia wala kushoto, wala juu wala chini. Pima bodi yako kwanza maana nyingine ni nyembamba.

Halafu ongeza kitu ambacho wengi wanakisahau: kizuizi cha nyuma. Mteja akichomeka waya wa chaji, anasukuma bodi kwenda ndani. Weka kipande cha mbao kilichofungwa kwa skurubu nyuma kabisa ya bodi, kiiguse. Sasa akisukuma, anasukuma kipande cha mbao, na mbao inasukuma kasha. Akivuta waya, bodi inavutika mbele, na ukuta wa kasha wenye tundu dogo kuliko bodi unaizuia. Kwa hiyo tundu la chaji kwenye ukuta liwe na ukubwa wa mdomo wa USB tu, sio wa bodi nzima.

Usitumie skurubu ya chuma kukandamiza bodi juu ya njia za shaba. Ukilazimika, weka washa ya plastiki katikati.

Sasa ile shida ya ukuta mnene. Ulimi wa chuma wa waya wa USB-C una urefu wa kama milimita 6.5. Ukuta wako ukiwa plaiwudi ya milimita 6, ulimi wote unaishia kwenye mbao, bodi haiguswi. Au inaguswa kidogo, inachaji ukiwa umeushikilia waya kwa mkono. Mteja atakwambia "inachagua waya". Dawa yake ni moja kati ya mbili: chonga upande wa nje wa ukuta pale kwenye tundu, upana wa kutosha plastiki ya kichwa cha waya izame, au toboa dirisha kubwa kwenye mbao na ufunge kibati chembamba cha plastiki chenye tundu dogo. Mdomo wa USB uwe sawa sawa na uso wa nje, au uzame isizidi milimita moja.

Kwenye joto kuna la kuongeza. Betri nyingi za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa zimevuka nyuzi 45. Sisi wa huku tambarare mchana tunalijua jua letu. Weka bodi mbali na betri, angalau upana wa kidole, na toboa vijitundu viwili vitatu upande wa chini. Ukitaka joto lipungue zaidi, badilisha ile rezista inayopanga mkondo: ya kilo-ohm 1.2 inatoa ampia 1, ya kilo-ohm 2 inatoa kama ampia 0.58. Itachaji polepole, lakini haitajipika.

KUFUNGA KITUFE

Kuna familia tatu, na kila moja ina namna yake.

Ya kwanza ni kitufe cha nati. Kina uzi wa skurubu mwilini, unakipitisha kwenye tundu, unakaza nati kwa ndani. Vipo vya milimita 12 na vya milimita 16, hivyo ndivyo vinavyopatikana sana. Hiki ndicho namba moja kwangu, kwa sababu nguvu yote ya kidole inaishia ukutani. Weka kimpira cha duara kati ya uso wa kitufe na ukuta, vumbi na maji yatapungua kuingia. Ukikaza nati, shika kitufe kisizunguke, la sivyo waya za nyuma zinajisokota.

Ya pili ni swichi ya kupindua, ile nyeusi ya pembe nne. Inajifunga yenyewe kwa masikio mawili ya plastiki. Ile ndogo ya kawaida inataka tundu la kama milimita 19 kwa 13. Masikio yake yametengenezwa kwa ukuta mwembamba, wa milimita moja mpaka mbili na ushee. Ukuta ukiwa mnene masikio hayafunguki, swichi inakaa kwa kubanwa tu, siku moja mteja anaipindua inaingia ndani nzima. Ukuta mnene upunguze kwa ndani kwa patasi mpaka masikio yasikie sauti ya "tak".

Ya tatu ni kile kitufe kidogo cha kulehemu juu ya bodi, cha milimita 6 kwa 6, kama vilivyo kwenye redio na rimoti. Hiki kina mambo mawili. Kwanza, vingi vimepewa uwezo wa miliampia 50 tu. Taa ya wati 3 inakula karibu ampia 1. Kwa hiyo hakiwezi kuwasha taa moja kwa moja, kinatakiwa kuiamuru bodi nyingine ndiyo iwashe. Pili, mwendo wake ni mdogo mno, kama robo ya milimita. Ukikibonyeza kwa nguvu zaidi ya hapo unaibonyeza bodi.

Kwenye hiki cha tatu nimejifunza kutoka kwa watu wasio wauza taa. Kuna watu huko Marekani na Ulaya wanaojiundia nyumbani vifaa vya sigara za umeme, wanaita veipu. Sisemi tuuze hizo, mambo ya nikotini yana sheria zake na madhara yake. Nasema tuangalie makasha yao, kwa sababu ndani yana vitu vile vile: betri ya 18650, bodi, na kitufe kinachobonyezwa siku nzima na kidole gumba. Wengi walianza na kasha la aluminiamu la Hammond la mfululizo wa 1590, ambalo watu wa gitaa walikuwa wanalitumia kwa vifaa vya miguuni.

Kwao kuna mambo mawili ya kuchukua.

La kwanza, kofia yenye bega. Hawamwachi mteja aguse kitufe kidogo cha kwenye bodi. Wanaweka kofia ya plastiki au chuma kwenye tundu la ukuta. Kofia ina shingo inayopita kwenye tundu, na bega pana kwa ndani kuliko tundu. Bega linazuia kofia isidondoke nje. Na mahali kofia inapotokea, uso wake unakaribia kuwa sawa na ukuta, kwa hiyo kidole kikisukuma, nyama ya kidole inagota kwenye ukuta kabla bodi haijaumia. Kati ya kofia na kitufe acha nafasi ndogo sana, unene wa karatasi moja au mbili. Nafasi ikizidi kitufe kinacheza. Isipokuwepo, taa inajiwasha yenyewe kasha likikazwa.

Na bodi inayobeba kitufe iwe na nguzo fupi chini yake, mkabala na kitufe kabisa. Bodi iliyoshikwa pembeni tu inajikunja katikati kila inapobonyezwa, na kila kujikunja ni hatua moja ya lehemu kuelekea kupasuka.

La pili, kitufe kisijibonyeze. Kwenye vifaa vyao kitufe kikibonyezwa mfukoni kinachoma kweli, kwa hiyo bodi nyingi zinataka kibonyezwe mara tano haraka haraka ndo kifaa kiwake au kizime. Na wengi wanazamisha kitufe kidogo chini ya uso. Sisi taa yetu haichomi mtu, lakini ikijiwasha ndani ya mzigo wa basi kutoka Moshi mpaka Dar, mteja anapokea taa iliyokufa chaji na anaamini umemuuzia mbovu. Zamisha kitufe milimita moja, au zungushia pete ndogo ya plastiki iliyoinuka. Ni dakika tano za kazi.

WAYA

Waya uwe na urefu wa kukuwezesha kufungua mfuniko bila kuvuta kitu, lakini usiwe mrefu wa kujikunja chini ya skurubu. Sentimita mbili tatu za ziada zinatosha.

Kila waya ufungwe mahali pamoja kabla haujafika kwenye lehemu. Toboa vijitundu viwili kwenye kipande cha mbao kile kile cha kizuizi, pitisha kifungio cha plastiki, kaza. Sasa waya ukivutwa, kifungio kinabeba. Hapa gundi ya moto inaruhusiwa, kwa sababu inasaidia tu, haibebi.

Betri usiilehemu moja kwa moja, joto la pasi ya kulehemu linaiumiza ndani. Tumia kishikilia betri chenye springi, au betri iliyokuja na vibati vyake vya nikeli. Kishikilia nacho kifungwe kwa skurubu za kichwa bapa, kichwa kizame kisikwaruze mpira wa betri.

Kama unaziba mianya kwa silikoni, inuse kwanza. Ile inayonuka kama siki inakula shaba. Tafuta isiyo na harufu hiyo. Na kuziba kuna maana huku kwetu: chini hapa Kahe ni vumbi, ukipanda Marangu au Kibosho ni ukungu na unyevu. Taa moja inatakiwa iishi sehemu zote mbili.

JARIBIO KABLA YA KUTUMA

Mimi nafanya haya sita, na huchukua kama robo saa, ukiacha saa moja ya chaji:

1. Tikisa kasha karibu na sikio. Ukisikia kitu kinacheza, fungua.
2. Bonyeza kitufe mara hamsini, ukibadilisha pembe. Kisizame, kisinate.
3. Chomeka na chomoa waya wa chaji mara ishirini. Halafu ukiwa umechomekwa, usukume juu, chini, kulia, kushoto. Kitaa cha bodi kisizimike.
4. Jaribu kwa waya mbili: wa USB ya zamani kwenda C, na wa C kwenda C. Bodi nyingine za bei rahisi hazina rezista mbili za kilo-ohm 5.1, kwa hiyo hazichaji kwa waya wa C kwenda C. Kama yako ni hivyo, mwandikie mteja mapema.
5. Iangushe juu ya mbao kutoka urefu wa kiuno, mara tatu. Kama unaogopa kuiangusha, basi mteja naye asiiangushe? Ataiangusha.
6. Ichaji saa nzima mchana, ushike kasha kwa mkono. Joto la kawaida sawa. Ukishindwa kuendelea kushika, bodi haipumui.

KAMA WEWE UNAUZA TU, HUTENGENEZI

Usiseme haya hayakuhusu. Mteja hamjui fundi, anakujua wewe. Kabla hujachukua mzigo wa jumla, mwombe fundi akufungulie moja, yoyote utakayoichagua wewe, sio atakayoichagua yeye. Angalia mambo matatu: bodi imeshikwa na nini, kitufe kimeshikwa na nini, waya zimefungwa kabla ya lehemu au zinaning'inia. Ukikuta bwawa la gundi, ujue umeshaona marejesho yako ya mwezi ujao. Usimdharau fundi, mwambie tu unataka skurubu na kizuizi cha nyuma, na uko tayari kuongeza elfu moja kwa kila taa. Elfu moja hiyo ni rahisi kuliko nauli ya mzigo kurudi.

Halafu geuza uimara kuwa tangazo. Piga picha ya kasha likiwa wazi. Andika: "Bodi imefungwa kwa skurubu, kitufe kina nati, imejaribiwa kuanguka mara tatu." Wauzaji wengi wanaonyesha nje tu. Mteja akiona ndani, anakuamini. Ila usiandike "haiingii maji" kama hujaitumbukiza kwenye maji.

KUTUMA

Weka ulimi wa plastiki kati ya betri na springi, kama ule wa kwenye midoli mipya, mteja auvute akipokea. Hapo hata kitufe kikibonyezwa njiani hakuna kinachowaka.

Ukipata mteja wa mbali anayetaka kwa ndege, ujue kwamba tangu Aprili 1, 2016 betri za lithiamu-ioni zinazotumwa peke yake haziruhusiwi kama mzigo kwenye ndege za abiria. Pawabenki nayo inahesabiwa ni betri. Abiria anaibeba kwenye begi la mkononi, isizidi wati-saa 100 bila ruhusa ya shirika. Kuhesabu ni rahisi: betri ya miliampia-saa 2600 ni 2.6 mara 3.7, sawa na wati-saa 9.6. Andika namba hiyo juu ya kasha, itamsaidia mteja.

Na ukiona oda zimekuwa nyingi, usibaki mafichoni. Ofisi za SIDO zipo mikoani, hapa kwetu ipo Moshi mjini, nenda ukaulize habari za ushauri na namna ya kuifikia TBS kwa ajili ya viwango. Kitu kinachobeba lithiamu kinalala ndani ya nyumba ya mtu, karibu na watoto wake. Tukikiuza, tumekubali kubeba hilo.

Nimemaliza. Chukua bidhaa moja uliyonayo dukani leo, ifungue, halafu tuandikie kwenye komenti umekuta bodi imeshikwa na nini. Picha ziruhusiwe. Na wewe fundi mwenye njia bora kuliko mfereji wangu wa plaiwudi, iweke hapo chini tujifunze wote. Kazi njema.